Mguu una mazoezi, ulimi una nini?

Jamani, leo tuongee kuhusu kuongea.

Mzee akipigwa na kiharusi pale Uyole au Kihesa, ndugu wanajua la kufanya. Wanamkimbiza hospitali, presha inashushwa, na baada ya siku kadhaa daktari anaandika: mazoezi. Ananyooshwa mkono, anafundishwa kusimama, anapewa fimbo. Safi kabisa. Lakini mzee huyo huyo hawezi kutaja jina la mkewe. Anamjua, anamtazama, neno halitoki. Hapo familia inaambiwa nini? "Mwombeni Mungu, yatarudi yenyewe."

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mguu ukilala una fundi wake. Ulimi ukilala unaachiwa Mungu.

Ipo fani ya afya inayoitwa tiba ya usemi na lugha. Haihusiani na kufundisha watu kubana pua waongee kama Wazungu. Inamhudumia aliyepoteza maneno kwa kiharusi, mtoto aliyechelewa kuongea, mwenye kigugumizi, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, na mtoto aliyeshonwa mdomo wa sungura lakini sauti bado inatokea puani. Upasuaji unaziba tundu, haufundishi kutamka.

Na kuna jambo wengi hawalijui: fani hii inashughulika pia na kumeza. Midomo, ulimi na koo tunavyotamkia ndivyo tunavyomezea. Mgonjwa wa kiharusi akinyweshwa uji huku amelala chali, uji ukapita njia ya hewa, anaweza kupata nimonia na kufa. Msibani tutasema kiharusi kimemmaliza. Kumbe huenda ni kijiko.

Kwa hiyo wale wanaoniambia "malaria kwanza, uzazi kwanza, habari za kuongea ni anasa" naomba wakae kidogo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai kati ya 2003 na 2006, matokeo yakachapishwa 2010, ulionyesha kwamba Dar kiharusi kipya kiliwapata watu wapatao 316 katika kila 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Kiwango hicho kinazipita nchi nyingi tajiri. Anasa iko wapi hapo?

Tuje kwa watoto. Mtoto wa Kyela au Kilolo ana miaka minne na haongei. Bibi anasema hata baba yake alichelewa. Jirani anasema ana udata, ulimi umeshikwa chini, ukakatwe. Mwingine anasema ni kimeo. Wembe unapatikana haraka kuliko mtaalamu! Na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: je, anasikia? Akifika miaka saba anapelekwa shule, anaitwa bubu, anakalishwa nyuma. Ile miaka ya mwanzo ambayo ubongo hunasa lugha kwa kasi imeshapita.

Mikoa ya Mbeya na Iringa, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 3.5. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Tiba hii si sindano ya mara moja. Inataka kurudi kila wiki, miezi na miezi. Mkulima gani wa viazi ataiweza safari hiyo?

Mwaka 2017 Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao awali walipelekwa India. Tulipiga makofi, na ilistahili. Lakini kifaa kile kinaleta sauti tu. Mtoto anatakiwa afundishwe, kwa muda mrefu, kuzigeuza sauti hizo kuwa maneno. Wa Mbeya nani atamfundisha?

Msiniambie wataalamu watatoka Ulaya. Mtu wa Tukuyu akichanganya L na R hana ugonjwa wowote, hiyo ni lugha ya mama yake. Mgeni atajuaje kipi ni Kinyakyusa na kipi ni tatizo? Tunahitaji watu wetu. Makerere, Uganda, walianza shahada ya fani hii mwaka 2008. Muhimbili nao sasa wanafundisha shahada inayounganisha usikivu na usemi. Vizuri. Lakini hospitali za mikoa na wilaya zisipowatengea nafasi za ajira, wahitimu wataishia kliniki binafsi za Dar, wakihudumia wenye magari.

Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 26 inataka huduma za utengamao ziwe karibu kabisa na watu wanakoishi, vijijini kukiwemo. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Karatasi tunazo. Chumba, kiti na mshahara ndivyo vinavyogomba.

Na tusidhani lengo ni kumlazimisha kila mtu atoe sauti. Nendeni Iringa mkaone Neema Crafts, mradi ulioanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Mgahawa wao ulijulikana kwa wahudumu viziwi, na mteja anayesikia ndiye anayejifunza ishara. Mtaalamu mzuri wa lugha anaangalia mgonjwa atawasiliana vipi: kwa mdomo, kwa mikono, kwa picha.

Ninachodai ni vitu vitatu. Nafasi ya ajira ya fani hii katika kila hospitali ya mkoa, kisha wilaya. Wauguzi na watu wa mazoezi ya viungo wafundishwe leo hii kumpima mgonjwa wa kiharusi kama anameza salama kabla ya kumpa uji. Na kila mtoto anayechelewa kuongea apimwe masikio kabla hajaguswa na wembe.

Asiye na sauti hawezi kuandamana wala kupiga simu redioni. Ndiyo maana kumsahau ni rahisi. Wenye sauti tuna kazi.

Naomba kuwasilisha.