Nukta Mwanzoni mwa Jina
Katika Linux na jamaa zake wa Unix, faili haihitaji nywila ili ijifiche. Jina lake likianza na nukta tu, amri ya ls inaipita kama haipo. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ameeleza kuwa hayo hayakupangwa: ls ilitakiwa iruke "." na ".." pekee, lakini njia ya mkato ya mwandishi wake ikaruka kila jina lenye nukta mwanzoni. Leo miongoni mwa faili hizo zilizofichika zimo .bashrc na .ssh/authorized_keys, na mvamizi anayetaka kurudi kesho huacha mstari wake humo humo. Kwa hiyo kila msimamizi wa seva aandike skripti yake, hata ya mstari mmoja: find /home -type f -path '*/.*' -ctime -7. Nasisitiza -path, si -name, maana authorized_keys yenyewe haina nukta. Nukta iko kwenye folda yake, na wengi huikosa hapo. Tena atumie -ctime, kwa kuwa tarehe ya -mtime hughushiwa kirahisi kwa touch. Kisha aisome orodha hiyo kila wiki, jina kwa jina.