Maji ya Kijani Si Uchafu

Mwaka wa 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140. Meru na Embu zilikuwamo. Kila bwawa lilipimwa mita 300 za mraba. Leo mengine yamekauka, na wenyewe husema, "Chakula cha samaki ni ghali."

Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Mkulima hapandi mahindi katika shamba lisilo na rutuba kisha akalaumu mbegu. Bwawa nalo ni shamba. Tilapia hula vijimea vidogo sana viotavyo majini, na vijimea hivyo huhitaji mbolea kama mahindi. Vikistawi, maji huwa ya kijani.

Lakini watu wengi huona aibu kwa maji hayo. Huacha mfereji wazi mchana na usiku ili maji yawe safi na wageni wayasifu. Maji yakipita hivyo huchukua mbolea yote, tena huleta baridi. Maji safi yaendayo mbio ni ya trauti. Kwa tilapia, funga mfereji, uufungue tu kujaza maji yaliyopungua.

Nionavyo mimi, mtu mwenye ng'ombe zizini hana sababu ya kuanza dukani. Bwawa la mita 300 za mraba latosheka na kilo 15 za samadi kavu kila wiki. Itie ndani ya uzio wa fito kwenye pembe ya bwawa. Kama udongo wako una uchachu, kama ule wa sehemu za majani chai, tia chokaa kwanza, ama sivyo mbolea haitafanya kazi vizuri.

Kupima ni rahisi. Tumbukiza mkono, ukitazama kiganja. Kikipotea machoni maji yafikapo kwenye kiwiko, mbolea yatosha. Ukikiona bado, ongeza. Kikipotea mapema, acha kutia: samadi ikizidi, hewa ya majini hupungua usiku, na alfajiri utakuta samaki wakitweta juu ya maji. Hapo fungua mfereji upesi.

Chakula cha duka kina faida, maana samaki hukua upesi zaidi. Lakini kikikosekana, bwawa lisife. Mwenye bwawa kavu na lundo la samadi nyumbani asiseme amekosa chakula cha samaki.