Fizi na Baraka: Mtoto mwenye anasomea nyumbani, nani anamfuatilia?

Kila mwezi wa tisa, masomo yakianza, wakuu wa shule za Baraka na wilaya ya Fizi wanahesabu wanafunzi wao: wavulana wangapi, wasichana wangapi, darasa gani. Hesabu hiyo inapelekwa kwenye ofisi ya elimu. Lakini kuna kitu haiwezi kuonyesha: watoto wenye hawakufika shuleni, na kati yao nani anasomea nyumbani na nani hasomi kabisa.

Kwa macho ya mpita njia, hao wawili wanafanana. Saa nne ya asubuhi wote wako uani. Mmoja ana mwalimu mwenye anakuja nyumbani jioni, ama dada yake aliyemaliza sekondari anamfundisha kusoma na kuhesabu. Mwingine analea wadogo zake, anashinda ziwani na wavuvi, ama amefuata wakubwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Serikali haina njia ya kuwatofautisha, kwa sababu jicho lake linaanzia kwenye daftari la shule.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu watakayowapa watoto wao. La pili, elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure. Utekelezaji wa elimu ya bure ulianza Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Kabla ya hapo, sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikuwa imeshawapa wazazi wajibu wa kusomesha watoto wao.

Ukiyasoma maneno hayo pamoja, maana yake iko wazi: mzazi anaweza kuchagua njia, lakini hawezi kuchagua mtoto abaki bila elimu. Shida ni kujua nani anahakikisha kwamba njia hiyo inamfikisha mtoto mahali.

Mkaguzi wa elimu anaingia darasani, haingii sebuleni. SERNIE, huduma ya kitaifa ya kutambua wanafunzi, inamtambua mtoto aliyeandikishwa shuleni. Yule wa nyumbani anaonekana mbele ya serikali mwishoni tu, akijiandikisha kwa mtihani wa serikali kama autodidakti, yaani mtu aliyejisomea. Hapo tayari ni kijana mkubwa. Kama miaka yote alifundishwa vibaya, hakuna mtu aliyeona mapema.

Mwaka 2020 nchi nzima ilisomea nyumbani

Watu wengine wanafikiri kusomea nyumbani ni jambo la Wazungu ama la matajiri wa Kinshasa. Wakumbuke Korona. Shule zote za Kongo zilifungwa kuanzia tarehe 19 Machi 2020. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi tarehe 10 Agosti, na mwaka mpya wa masomo ukaanza tarehe 12 Oktoba. Katika kipindi hicho masomo yalipita kwenye redio, Radio Okapi ikiwa mbele. Nyumba yenye redio na betri ilikuwa darasa. Nyumba isiyo na redio ilikuwa kimya. Kisha shule zilipofunguliwa, mwalimu aliita majina ya waliorudi. Aliyebaki nyumbani daftari halikumuuliza sababu.

Kule Fizi, Korona ni sababu moja tu. Kuna familia zilizokimbia vita vya milimani, kuna waliorudi kutoka kambi za Tanzania, kuna wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufika bila buleteni, bila cheti cha kuzaliwa, na miaka yake imepita darasa analostahili. Mzazi anaona haya kumkalisha mtoto wa miaka kumi na mbili pamoja na wa miaka sita. Anasema, «Wacha asomee hapa hapa nyumbani.» Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka.

Chifu anajua, lakini hakuna anayemuuliza

Katiba imeweka elimu ya msingi na sekondari kwenye kazi za mkoa, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Ndiyo maana ni rahisi kwa viongozi wa chini kusema: hiyo si kazi yetu. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa miji, komini na sekta uongozi na bajeti yao. Baraka ina meya. Wilaya ya Fizi ina sekta nne: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Chini yao kuna chifu wa kijiji na mkuu wa mtaa, na hao ndio wanajua nyumba gani imepokea wageni na mtoto gani haendi shule.

Nchini Ufaransa, kila mwaka shule zikifunguliwa, meya anatakiwa kuwa na orodha ya watoto wote wa umri wa shule wanaokaa katika komini yake. Mzazi anayetaka kufundishia nyumbani anaomba ruhusa, na wakaguzi wanakuja kupima mtoto amejifunza nini. Fizi haina ofisi wala pesa za kufanya yote hayo. Ila hatua ya kwanza, kujua watoto ni wangapi na wako wapi, inaanza na kalamu na daftari.

Orodha inaweza pia kuumiza

Hapa wazazi wana haki ya kuogopa. Karatasi ya jina inaweza kugeuka haraka kuwa karatasi ya kulipisha faini. Kuna hatari kubwa zaidi: katika eneo lenye makundi ya silaha, orodha ya vijana wasio shuleni ni kitu cha kufungia kabatini. Kongo ilisaini mpango na Umoja wa Mataifa Oktoba 2012 wa kuzuia watoto wasiingizwe jeshini, lakini karatasi haisimami njiani kumlinda mtoto.

Kwa hiyo orodha ya namna hiyo ingefaa kuwa ya kumtafutia mtoto nafasi, si ya kumtafuta mzazi. Nafasi zenyewe zipo kisheria. Vituo vya kurudisha watoto masomoni, vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Jamii, vinafundisha miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 9 hadi 14. Mwishoni mtoto anafanya mtihani uleule wa kumaliza shule ya msingi. Na yule mwenye anafundishwa vizuri nyumbani angeweza kupimwa mara moja kwa mwaka kwenye shule ya jirani, apewe karatasi inayosema amefika darasa gani.

Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji meya na machifu wa sekta wakae pamoja na ofisi ya elimu kabla ya mwezi wa tisa, wakubaliane nani anaandika, nani anatunza daftari, na kwamba hakuna mzazi atakayelipishwa hata franka moja kwa kutaja jina la mtoto wake.