Maongezi ya Mwalimu: Ndugu Wawili Waliotengwa na Mto



Katika Marekani ya Kaskazini wako wanyama wawili wa jamaa ya mbwa ambao watu hupata shida kuwatambua. Mmoja ni mbwa-mwitu. Wa pili ni ndugu yake mdogo aitwaye koyote. Watu wa mjini humwona mbwa-mwitu nyuma ya ua wa waya, amelala, ameshiba, nao hurudi nyumbani wakidhani wamekwisha kumjua. Kisha jioni moja koyote akivuka njia mbele yao, hupiga kelele: Mbwa-mwitu! Wajuzi huwaambia: Tazameni pua na masikio. Mbwa-mwitu ni mkubwa wa mwili, pua yake pana, masikio yake mafupi. Koyote ni mwembamba, pua yake imechongoka, na masikio yake ni marefu yakilinganishwa na kichwa. Wala si jambo la mchezo, kwa maana wawindaji huko wamepata kuwaua mbwa-mwitu waliolindwa na sheria, wakiwadhania kuwa koyote.

Pengine mtauliza: Hayo yatuhusu nini sisi wa Kisangani, tusio na mbwa-mwitu wala koyote? Yatuhusu, kwa sababu sisi nasi tunao ndugu wawili wanaofanana, na mto wetu ndio unaowatenga. Simameni ukingoni mwa mto Kongo mkitazama yanakoelekea maji. Misitu ya mkono wa kuume ni nchi ya sokwe. Misitu ya mkono wa kushoto, kuanzia upande wa Lubunga kwenda kusini na magharibi, ndani ya lile pindo kubwa la mto, ni nchi ya bonobo. Wanyama hawa hawajui kuogelea. Kwa hiyo maji yamekuwa ukuta kati yao kwa muda wa miaka milioni moja au zaidi. Sokwe wako pia Uganda, Tanzania, na katika nchi nyingine nyingi mpaka Afrika ya Magharibi. Bonobo wa mwituni hayuko penginepo duniani ila katika Kongo yetu, ng'ambo ile moja tu ya mto.

Hata hivyo wengi wetu huwaita wote wawili kwa jina moja, sokomutu, na habari imeishia hapo. Tusijilaumu mno, maana wenye elimu nao walichelewa. Mwaka 1929 mtaalamu Ernst Schwarz alichunguza mafuvu katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji, akatangaza kwamba mnyama wa ng'ambo ya kushoto ana tofauti zake. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1933, Mmarekani Harold Coolidge aliandika kwamba huyu si sokwe wa namna nyingine, bali ni mnyama wa aina yake mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo bonobo walikuwa wamekwisha kufungwa katika vizimba vya ng'ambo ya bahari, wala hapakuwa na mtu aliyewajua. Mwaka 1923 mtaalamu Robert Yerkes wa Marekani alinunua wanyama wawili wadogo, Chim na Panzee, akidhani kwamba wote ni sokwe. Chim alimshangaza kwa akili na kwa moyo wake mchangamfu. Alikufa mwaka uliofuata, na baadaye ndipo ilipotambulikana kwamba Chim alikuwa bonobo. Huko Munich, Ujerumani, wanyama hawa walifugwa pamoja katika bustani moja. Mwaka 1944 mabomu ya vita yalipoanguka karibu, bonobo walikufa kwa fadhaa, lakini sokwe walisalimika. Ndivyo walivyoandika Eduard Tratz na Heinz Heck mwaka 1954. Wawili hao ndio waliolieneza jina la bonobo. Hudhaniwa kwamba jina lenyewe lilitokana na kusomwa vibaya kwa jina la mji wetu wa Bolobo, lililoandikwa juu ya sanduku la safari.

Basi, tuwatambueje? Msitegemee ukubwa. Zamani bonobo aliitwa sokwe mbilikimo, lakini jina hilo hupotosha, kwa sababu uzito wa wengi wao haupitani sana. Tazameni uso kwanza. Mtoto wa bonobo huzaliwa na uso mweusi, na midomo yake ni myekundu kidogo. Mtoto wa sokwe wa upande wetu huwa na uso mweupe-mweupe, unaoingia weusi kadiri anavyokua. Kisha tazameni nywele: za bonobo hugawanyika katikati ya kichwa kama zilizochanwa, zikaning'inia pande zote mbili za mashavu. Masikio yake ni madogo, tena karibu yafichwe na nywele hizo. Ya sokwe ni makubwa, yamejitokeza. Kichwa cha bonobo ni kidogo, mabega yake ni membamba na miguu yake mirefu. Sokwe ni mpana wa kifua na mabega. Nyuma, pale ambapo mkia ungekuwapo, watoto wa wote wawili wana kishungi cha nywele nyeupe. Lakini sokwe hukipoteza akikua, na bonobo hubaki nacho hata uzeeni.

Na msipowaona, tegeni sikio. Sauti ya sokwe ni nzito, hupanda kidogo kidogo mpaka ikawa kelele kuu. Sauti ya bonobo ni nyembamba na ya juu, hata mgeni aweza kudhani ni ndege. Vitanda vya majani juu ya miti havitawasaidia, maana wote wawili hutandika kila jioni. Hapo ulizeni tu: niko ng'ambo ipi?

Sasa yafaa niwaonye juu ya jambo moja. Mnyama wa kizimbani hutufundisha uso wake, lakini hatufundishi maisha yake. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani waliwatazama bonobo wachache waliofungwa, wakasema: Hawa ni wapole kabisa, hawajui ugomvi. Maisha ya porini yalianza kujulikana vizuri baada ya Mjapani Takayoshi Kano kufika Wamba, katika wilaya ya Djolu, miaka ya 1973 na 1974. Wenyeji wa Wamba walikuwa na mwiko wa tangu kale wa kutokula nyama ya bonobo. Ndiyo maana wanyama wale walikuwapo bado, wakaweza kuchunguzwa. Huko ilionekana kwamba wanawake wa bonobo wana nguvu kubwa katika kundi, na kwamba makundi mawili yaweza kukutana msituni yakala pamoja. Sokwe wa Gombe, nchini Tanzania, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, walionyesha mambo mengine: wanaume hutawala, na mwaka 1974 walianza kuwaua majirani zao mmoja mmoja. Lakini mwaka 2024 uchunguzi wa bonobo wa Kokolopori ulionyesha kwamba wanaume wao hugombana wao kwa wao mara nyingi kuliko sokwe wa Gombe, ingawa hawafikii kuuana. Kumbe upole wao si ule tuliosimuliwa.

Kwa nini nawachosha kwa habari hizi? Kwa sababu mji wetu ni bandari. Mitumbwi na baiskeli huingia kutoka ng'ambo zote mbili, na pengine katika mizigo yumo mtoto wa mnyama, amefungwa kamba kiunoni. Hapo ukingo wa mto hauwezi tena kutuambia ni nani. Uso wake ndio utakaosema. Na jibu ni la maana. Mtoto wa bonobo hupelekwa Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa, kituo kilichotokana na kazi ya Bibi Claudine André iliyoanza mwaka 1994. Huko mayatima hulelewa na akina mama walezi, na tangu mwaka 2009 baadhi yao wamerudishwa msituni, katika nchi ya Basankusu. Mtoto wa sokwe huwekwa pengine, kama Lwiro katika Kivu ya Kusini, au Lubumbashi. Wakichanganywa waweza hata kuzaana, na jambo hilo limekwisha kutokea vizimbani huko Ulaya. Mtoto wa namna hiyo atarudishwa ng'ambo ipi ya mto?

Lakini kabla ya kuuliza ni bonobo au ni sokwe, liko swali lililo zito zaidi: mama yake yuko wapi? Mama wa wanyama hawa hamwachi mtoto. Humbeba na kumnyonyesha kwa miaka minne hivi, na huzaa mara moja tu katika miaka minne, mitano au zaidi. Mkimwona mtoto peke yake mikononi mwa mchuuzi, mjue kwamba mama ameuawa, na mara nyingi nyama yake imekwisha kuuzwa. Wataalamu hukadiria kwamba bonobo waliosalia ni 15,000 hadi 20,000 kwa uchache. Hiyo si hesabu ya kuchezea, kwa mnyama azaaye polepole hivyo.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, msinunue, hata kwa huruma. Anayenunua kwa huruma humpa mwindaji fedha za kurudi msituni kwa mwingine. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 huwalinda wote wawili, sokwe na bonobo, na hukataza kuwaua, kuwakamata na kuwauza. Wapelekeeni habari walinzi wa ICCN. Tena msiwaache watoto wenu wacheze na mnyama huyo, kwa kuwa kikohozi chetu chaweza kumwua, na maradhi yake yaweza kuingia nyumbani kwenu.

Hapa Tshopo tunayo bado nafasi ya kuwaona wakiwa huru. Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016 katika Tshopo na Maniema, inao bonobo. Wafundisheni watoto dalili nilizozitaja: uso, nywele, masikio, sauti. Mtoto ajuaye kusema huyu ni bonobo na yule ni sokwe hatawaita tena nyama tu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.