Neno la Mhariri: Kutoka Kilwa Kivinje hadi Roma

Mwanafunzi wa sekondari wa Kilwa au Lindi husoma ufashisti kama habari ya Ulaya: Mussolini, mashati meusi, maandamano ya Roma, kisha mtihani. Toleo hili linaifuata habari hiyo hadi mahali pengine, kando ya mto Juba, kusini mwa Somalia, kwa watu ambao wengi wao mababu zao walitolewa bara ya Kilwa.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa katika pwani ya kusini. Wayao, Wamakua, Wangindo na Wanyasa walifikishwa hapo kwa miguu na kupakiwa majahazini. Baadhi yao waliishia Barawa, Marka na Mogadishu, wakalimishwa mashamba ya bonde la Shabelle. Waliotoroka walikimbilia misitu ya Juba, katika nchi ya Gosha, wakajenga vijiji vyao na kujitawala. Kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bunda, anatajwa kuwa Myao.

Bandari hizo za pwani ya Benadir zilikuwa za Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 zilikodishwa kwa Italia. Mwaka 1905 zikauzwa kabisa, mwaka uleule ambao Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba na vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vikaanza.

Kabla ya mauzo hayo lilitokea jambo linalobeba hoja nzima ya toleo hili. Mwaka 1903 msafiri Luigi Robecchi Bricchetti alikwenda Benadir kuchunguza utumwa, akaandika aliyoyaona. Habari zake zilizua kelele nchini Italia, na kampuni iliyokuwa ikiendesha eneo hilo ikapoteza mkataba wake. Italia ile ilikuwa mkoloni na ilibaki mkoloni. Lakini mtu aliweza kurudi kwao, akasema, akasikika, na wenye mali wakapata hasara.

Miaka ishirini baadaye hilo halikuwezekana tena, na sababu zake zinapatikana Italia kwenyewe.

Ufashisti ulianza ukiwa dhaifu. Tarehe 23 Machi 1919 Benito Mussolini, mhariri wa gazeti aliyefukuzwa na wasoshalisti kwa kutaka Italia iingie vitani, alikusanya wafuasi wachache katika ukumbi mmoja wa Milano. Katika uchaguzi wa Novemba alipata jijini humo kura zisizofika 5,000, bila kiti hata kimoja. Kilichomwinua ni bonde la mto Po. Huko vibarua wa mashambani walikuwa wameungana, wakawabana wenye mashamba juu ya ujira na idadi ya watu wa kuajiriwa. Kuanzia mwishoni mwa 1920 wenye mashamba wakawapa wanamgambo wa Mussolini, walioitwa mashati meusi, fedha na malori. Ofisi za vyama vya wafanyakazi zilichomwa moto; viongozi wake walipigwa marungu na kunyweshwa mafuta ya mbarika kwa nguvu. Mara nyingi polisi walijifanya hawaoni.

Wakubwa wa siasa nao walidhani watawatumia vijana hawa kisha wawarudishe nyumbani. Mwaka 1921 Waziri Mkuu Giovanni Giolitti aliwaingiza katika muungano wake wa uchaguzi, wakapata viti 35. Tarehe 28 Oktoba 1922, mashati meusi walipoiendea Roma, serikali iliandaa amri ya hali ya hatari; Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kuitia saini. Mussolini alipanda treni Milano na kushuka Roma tarehe 30 kukabidhiwa uwaziri mkuu. Mwezi uliofuata wabunge 306 walimpa kura ya imani, 116 wakakataa. Nani alimlazimisha kila mmoja wa wale 306?

Tarehe 30 Mei 1924 mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni kufichua vitisho na udanganyifu wa uchaguzi wa Aprili. Tarehe 10 Juni alitekwa na kuuawa. Januari 1925 Mussolini alitangaza bungeni kwamba dhima yote ni yake, na hakuna aliyemgusa. Kufikia mwisho wa 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku na magazeti ya upinzani yamefungwa.

Wakati huo Cesare Maria De Vecchi, mmoja wa viongozi wanne wa maandamano ya Roma, alikuwa tayari gavana mjini Mogadishu, tangu Desemba 1923. Aligawa ardhi ya Genale, karibu na Marka, kwa walowezi wa Kiitalia, na kuuvunja kwa vita usultani wa Hobyo na wa Majerteni. Mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia ng'ambo ya Juba, pamoja na Kismayu na visiwa vya Wabajuni. Mashamba ya ndizi na pamba yalitaka vibarua, na katika miaka ya 1930 watu wa Gosha walikusanywa vijijini mwao na kulazimishwa kuyalima. Mfumo huo waliuita kolonya.

Msomaji wa Kilwa ana haki ya kuuliza: je, Wajerumani hawakuwalimisha Wamatumbi pamba kwa kiboko? Waliwalimisha, na walioasi walilipa kwa damu na njaa. Hata hivyo kashfa za makoloni zilijadiliwa waziwazi katika bunge la Berlin mwaka 1906. Kwa Gosha hapakuwa na Matteotti aliyebaki wa kuuliza, wala gazeti la kuchapisha ripoti ya Robecchi Bricchetti mwingine. Kilichokufa Roma mwaka 1924 kilikuwa kinga, hata kama hafifu, ya watu wa Juba ambao hawakuwahi kupiga kura.

Mfumo wa kolonya ulivunjwa na Vita Kuu ya Pili. Tarehe 25 Februari 1941 Mogadishu ilitekwa, na mwezi Mei askari wa keya, yaani jeshi la Waingereza la Waafrika, kutoka Tanganyika walikuwa wakipigana na Waitalia kusini mwa Ethiopia. Makala za toleo hili zinaanzia hapo na kurudi nyuma. Zinawaomba walimu wa historia wa Kilwa na Lindi waifundishe Juba pamoja na Roma, na familia zenye barua, medali au kumbukumbu za wazee waliokuwa keya wazitoe zinakiliwe sasa, kabla hazijapotea.