Mheshimiwa wa Jimbo Lisilo na Jina

Mpiga kura wa Waberi, mjini Garissa, alikuwa wa jimbo la Dujis hadi mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012. Majimbo ya nchi yakaongezwa kutoka 210 hadi 290. Balambala ikajitenga, na jina la Dujis likafutwa. Badala yake likaandikwa “Garissa Township”. Neno “mji” limetukosea nini? Tena ndani ya jimbo hilo imo wadi iitwayo Township, jirani ya Waberi, Galbet na Iftin. Je, msamiati umetuishia?

Mkoloni alituita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD: mpaka, si watu. Sheria za hali ya hatari, zilizotukandamiza tangu 1963 hadi 1991, zilitutazama vivyo hivyo. Leo wakubwa huandika EGH na EBS nyuma ya majina yao, kama Waingereza na OBE zao, na juu ya hayo hudai kuitwa “Mheshimiwa”. (Injili yawajua wapendao kusalimiwa masokoni.) Herufi zao tatu zimelindwa kwa sheria, herufi tano za Dujis hazikupata nafasi katika karatasi ya kura ya 2013. Turudishiwe jina letu, au angalau tuulizwe.