Mshauri, toka kwa hiyo ofisi tutembee

Juzi niliposti video nikiwa Karura nikisema ushauri nasaha wa kutembea msituni ni kitu poa. Komenti zikanimaliza. Mmoja akaandika, "Nyanya yangu alitembea kuteka maji kila siku na hakulipa mtu." Sawa, nimecheka. Sasa tuongee.

Kabla niache chuo nilitumwa kwa mshauri. Ofisi ndogo, meza katikati, mlango uko kwa korido ile ile ya karo, kwa hivyo kila msee anayepita anakuona kwa benchi. Akanikazia macho: "Shida ni nini?" Nikasema niko sawa. Dakika ishirini za niko sawa! Jameni, mtu aliyeketi nyuma ya meza, kwa sisi tuliolelewa hapa, ni mwalimu wa nidhamu ama ni OCS. Nani humfungulia roho OCS?

Na si uoga wa bure. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 kinakiuka katiba, kujaribu kujiua Kenya ilikuwa kosa la kukupeleka jela. Halafu mnauliza mbona vijana hawasemi.

Mshauri wa pili alinipeleka Arboretum. Tukatembea bega kwa bega, hakuna wa kunikodolea macho. Ukinyamaza, si aibu, miguu inaendelea. Tumbili walikuwa wanasaka mandazi ya wenyewe. Mzunguko wa pili nikasema, nikiangalia mti, kwamba kuna usiku nilikuwa nalala nikiomba nisiamke. Hakushtuka. Hata hatua hakubadilisha. Akaniuliza, "Ilianza lini?" Hapo ndipo nilianza kupona.

Najua maswali yenu. Tukipatana na mtu ananijua je? Tulikubaliana kabla ya kuanza: mimi ndiye naamua kama tutasimama ama tutapita. Dada zangu, msikubali kichaka na mtu hamjui. Mchana, njia yenye watu. Na kama mtu amefika mwisho kabisa usiku huu, huyo mpeleke hospitali, si matembezi.

Kinachoniudhi ni wale wameshaanza kuuza hii kitu kama pakeji ya matajiri, na chai ya mitishamba juu. Wangari Maathai alipasuliwa kichwa Januari 1999 akipigania Karura isigawanywe. Leo kijana wa Mathare, ambako si mbali, anafika getini anaambiwa alipe kwanza. Kwao mti uko wapi? Na akitembea mtaani jioni, wa kwanza kumuuliza hali ni polisi, na si kwa wema.

Ila chuo hakina kisingizio. Viwanja viko, miti iko, mshauri analipwa tayari. Avae raba atoke. Hiyo inahitaji kamati gani?

Na wewe wa nyanya, umenipa pointi bila kujua. Nyanya hakutembea peke yake, alikuwa na wenzake, na mdomo haukupumzika kutoka nyumbani hadi mtoni. Wewe unatembea Pipeline hadi Industrial Area kusaka kibarua, muziki masikioni, hujaongea na mtu tangu Jumatatu. Mpigie simu leo. Muulize walikuwa wanaambiana nini huko njiani.